Kampuni hutambuaje mambo yenye uzito kwa wadau? Kisa cha malisho ya Isiolo

MNAMO Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ilitoa uamuzi ambao ulisomwa kwa makini hata katika ofisi zilizo mbali sana na mji huo. Mahakama ilisema kwamba hifadhi mbili za jamii, Biliqo Bulesa na Cherab, zilizo upande wa Merti, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo.

Kesi hiyo iliwasilishwa mwaka 2021 na wakazi 165. Miongoni mwa walioshtakiwa lilikuwamo shirika la Northern Rangelands Trust (NRT), lililoundwa mwaka 2004 na ambalo makao yake makuu yako Lewa, katika kaunti jirani ya Meru. NRT huziunganisha hifadhi za jamii za kaskazini mwa Kenya na kuzitafutia fedha, walinzi wa wanyamapori na wataalamu.

Biliqo Bulesa haikuwa hifadhi ya twiga na pundamilia tu. Ilikuwa pia sehemu ya mradi wa kaboni wa nyanda za malisho, ulioanza kuhesabiwa tangu mwaka 2013 na kuenea katika hekta zipatazo milioni 1.9. Mradi huo ulikuwa ukiuza hati za kaboni ng'ambo, na miongoni mwa wanunuzi zilikuwamo kampuni mbili mashuhuri za Marekani, Netflix na Meta. Kwa mujibu wa shirika la kutetea haki la Survival International, takriban hati moja katika kila tano za mradi mzima zilitokana na hifadhi hiyo moja.

Kampuni iliyonunua hati hizo ilikuwa na sababu yake. Mahali fulani, watu walikaa mezani wakaorodhesha mambo yanayohusu mazingira na jamii, wakayapima, na suala la hewa chafu inayoongeza joto duniani likapanda hadi juu ya orodha. Mfugaji wa Merti naye alikuwa na orodha yake, ijapokuwa haikuandikwa popote. Juu kabisa palikuwa na jambo jingine: nani anaamua ng'ombe watalishwa wapi mvua ikikosa kunyesha.

Orodha hizo mbili hazikukutana mpaka zilipofika mahakamani. Makala haya yanaeleza jinsi orodha za aina hiyo zinavyoandaliwa, nani huulizwa na nani husahauliwa.

Neno lililotoka kwa wahasibu

Uendelevu, kwa maana iliyoenezwa na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland mwaka 1987, ni kukidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watakaozaliwa kesho uwezo wa kukidhi yao. Kwa kampuni, jambo hilo lina matawi mengi: maji, taka, mishahara, usalama kazini, rushwa, ardhi, faragha ya wateja, hali ya hewa na kadhalika. Hakuna kampuni inayoweza kushughulikia yote kwa nguvu sawa, wala hakuna msomaji atakayeisoma ripoti yenye mambo mia moja.

Ndipo likazuka swali la uzito. Lipi lina uzito wa kutosha kuingia katika ripoti na katika bajeti, na lipi laweza kusubiri?

Neno hilo lina asili yake katika uhasibu na sheria za masoko ya hisa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya TSC Industries dhidi ya Northway, ilieleza kwamba jambo huwa na uzito iwapo kuna uwezekano mkubwa kwamba mwenye hisa mwenye busara angelichukulia kuwa muhimu anapopiga kura. Kipimo kilikuwa macho ya mwenye hisa. Mchungaji, mvuvi na mfanyakazi wa kiwanda hawakutajwa, na kwa kweli haikuwa kazi ya mahakama ile kuwataja.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1984 msomi wa Marekani R. Edward Freeman alichapisha kitabu kilichoeneza wazo la wadau, yaani watu wote wanaoweza kuathiri malengo ya kampuni au kuathiriwa nayo. Mwaka 1997, mjini Boston, ilianzishwa taasisi ya Global Reporting Initiative (GRI), ambayo miongozo yake ndiyo inayotumika zaidi duniani katika kuandika ripoti za uendelevu. Kwa wadau na ripoti kuwekwa pamoja, uzito ukaacha kuwa mali ya wenye hisa peke yao.

Hatua za kazi yenyewe

Kwa kawaida kampuni huanza kwa kuandika majina ya wadau wake: wafanyakazi, wateja, wenye hisa, benki, wauzaji bidhaa, serikali, vyama vya kiraia na majirani. Kisha huandika orodha ndefu ya mambo, ikichota katika sheria za nchi, malalamiko yaliyowahi kupokewa, habari za magazeti na ripoti za washindani wake.

Baada ya hapo wadau huulizwa. Wengine hupelekewa fomu ya maswali kwa barua pepe, wengine hualikwa hotelini kwa mkutano wa nusu siku, wengine huhojiwa mmoja mmoja. Majibu hutiwa alama, na orodha ndefu hupunguzwa mpaka yakabaki mambo kumi au kumi na tano. Wakurugenzi huyapitisha, na ripoti huchapishwa.

Kwa miaka mingi matokeo yalichorwa katika mraba mmoja. Mstari wa wima ulionyesha jinsi jambo linavyowagusa wadau, na wa ulalo jinsi linavyoigusa biashara. Lililoangukia pembe ya juu upande wa kulia ndilo lililohesabiwa kuwa zito kuliko yote. Mchoro huo ulipendwa sana na wachapishaji wa ripoti kwa kuwa ulipendeza ukurasani, lakini ulificha kasoro kubwa. Nukta moja iliyoandikwa "jamii" ingeweza kubeba ndani yake mzozo wa ardhi wa miaka kumi, na msomaji asitambue.

Mwaka 2021 GRI ilitoa kanuni mpya, zilizoanza kutumika Januari 2023, na humo ikageuza msingi wa kazi. Jambo zito sasa ni lile linalohusu athari kubwa zaidi za kampuni kwa uchumi, mazingira na watu, zikiwamo haki zao za kibinadamu. Maoni ya wadau yanabaki kuwa njia ya kuzijua athari hizo. Hayahesabiwi tena kama kura za kushindanisha mambo.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini kwa mahali kama Isiolo ni kubwa mno. Chukua kampuni yenye wateja milioni mbili mijini na shughuli moja katika ardhi ya wafugaji elfu tatu. Ikihesabu kura, bei ya bidhaa itashinda malisho kila mwaka, hata kama wafugaji wote elfu tatu watapaza sauti kwa pamoja. Ikipima athari, mambo hubadilika.

Vipimo vya athari vinafanana na vile vya mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu, uliopitishwa mwaka 2011. Huulizwa mambo matatu: madhara ni makali kiasi gani, yamewafikia watu wangapi, na je, yanaweza kurekebishwa? Kwa athari ambazo bado hazijatokea huongezwa swali la uwezekano wa kutokea. Pale haki za binadamu zinapoguswa, ukali hutangulia uwezekano. Kisima kilichochafuliwa huweza kusafishwa. Mfugo uliokufa wote katika msimu mmoja kwa kuzuiwa kufika kwenye nyasi za akiba haurudishwi na msamaha wowote.

Nani ni mdau huko Isiolo?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti ya Isiolo, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Wamo Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali, Wameru, Wasakuye na wengineo. Mtafiti aliyebeba fomu ya Kiingereza, au hata ya Kiswahili sanifu, atawafikia wengi wa walio mjini na wachache wa walio Garba Tula, Merti na Oldonyiro.

Hilo la lugha ni dogo. Gumu zaidi ni kwamba mdau wa ardhi ya malisho hahesabiki kwa kutazama nani anaishi hapo siku ya mkutano. Ukame unapobana, mifugo huja kutoka Marsabit, Wajir, Garissa na Samburu, na ile ya Isiolo nayo huenda kwingine. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, kuhama ndiko kulikoamua nani atabaki na mbuzi wawili na nani hatabaki na chochote. Wageni hao wa msimu hawamo katika daftari la chifu wala katika orodha ya wadau ya kampuni, lakini uamuzi wa kufunga eneo fulani la malisho huwagusa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Waborana wana utaratibu wao wa kusimamia jambo hilo, uitwao dedha. Wazee wa dedha hugawa ardhi kulingana na majira: malisho ya wakati wa mvua, malisho ya kiangazi, na akiba ya wakati wa ukame mkali ambayo haiguswi mpaka wazee waseme. Hujadiliana pia na wageni wanaoomba kupita na mifugo yao. Mwaka wenyewe hupimwa kwa ganna, mvua za masika, na hagaya, mvua za vuli, na mazungumzo ya maana hufuata mapigo hayo.

Kwa hiyo tarehe ya mkutano ni jambo zito pia. Baraza likiitwa katikati ya kiangazi, vijana na wanaume wenye mifugo huwa mbali, na waliobaki manyattani ni wazee, watoto na kina mama wachache. Likiitwa siku ya mnada wa mifugo, watahudhuria wengi lakini hakuna atakayekaa hadi mwisho. Kampuni ambayo mwaka wake wa fedha unafungwa Juni hupenda kukusanya maoni wakati unaoufaa mwaka huo wa fedha, na hapo ndipo orodha inapoanza kupinda kabla hata swali la kwanza halijaulizwa.

Wanawake nao huhitaji kikao chao. Katika baraza la pamoja mara nyingi wazee ndio husema, na yatakayotajwa ni ardhi na mifugo. Ukiwauliza wanawake peke yao, huja pia umbali wa maji, maziwa yanayouzwa mjini na usalama wa njia ya kuteka kuni. Hayo si mambo madogo, ni vile tu kwamba hayakupata msemaji.

Hati za kaboni na swali ambalo halikupanda juu

Wazo la mradi wa kaboni wa nyanda za malisho ni rahisi kulieleza. Mifugo ikilishwa kwa zamu iliyopangwa, nyasi hupata nafasi ya kuota tena na mizizi yake huingiza kaboni zaidi katika udongo. Tani inayodhaniwa kuhifadhiwa hugeuzwa kuwa hati, na kampuni huinunua ili kufidia sehemu ya hewa chafu inayotoa. Fedha hurudi kwa hifadhi za jamii kwa ajili ya karo, maji, ulinzi na mengineyo.

Machi 2023 Survival International ilichapisha ripoti iliyodai kwamba mradi huo uliingilia utaratibu wa asili wa malisho, kwamba wananchi hawakuelezwa kwa kina walichokuwa wakikubali, na kwamba hesabu ya kaboni ilikuwa na mashaka. NRT ilikanusha madai hayo na kusisitiza kuwa hifadhi zinaongozwa na jamii zenyewe. Verra, shirika la Marekani linaloidhinisha hati za aina hiyo, liliusimamisha mradi mwaka 2023 ili kuukagua, likaurejesha, kisha likausimamisha tena mwaka 2025 baada ya uamuzi wa Isiolo.

Kisa hiki hakipaswi kusomwa kama hadithi ya wabaya na wema. Zipo jamii za kaskazini zilizonufaika na hifadhi, na wapo wakazi wa Isiolo waliozitetea hadharani. Isitoshe, wizi wa mifugo na ujangili, ambao walinzi wa hifadhi waliwekwa kupambana nao, ni mambo mazito kwa yeyote mwenye zizi.

Linalohusu makala haya ni mahali ambapo swali lilipotelea. Mnunuzi wa hati, akiwa California, hupokea nyaraka zilizokaguliwa na mkaguzi, zilizopitishwa na shirika la kuidhinisha, kuhusu mradi unaoendeshwa na mtu wa tatu. Mfugaji yuko hatua nne au tano kutoka kwake. Kila hatua ina orodha yake ya wadau, na katika kila orodha mfugaji huwakilishwa na aliye karibu zaidi na ofisi: kwanza na kamati ya hifadhi, halafu na shirika, halafu na ripoti ya mkaguzi. Mwishoni hubaki neno moja tu, "jamii", likiwa limepigiwa alama ya ndiyo.

Mto unaotoka mlimani

Mfano wa pili hauhitaji mahakama. Mto Ewaso Nyiro unapata maji yake katika miteremko ya Mlima Kenya na safu za Aberdare, hupita Laikipia, ukaingia Isiolo na kuelekea kinamasi cha Lorian. Huko juu yako mashamba makubwa ya maua na mboga zinazosafirishwa Ulaya, pamoja na wakulima wadogo wengi. Huku chini wako wafugaji, hoteli za watalii na wanyamapori. Miaka ya ukame, sehemu za chini za mto hukauka.

Shamba la maua linapopima mambo yenye uzito, maji hayakosi kuwamo. Lakini wadau wanaoulizwa ni nani? Mnunuzi wa Ulaya huulizia dawa za kuua wadudu na cheti cha GLOBALG.A.P. Wafanyakazi huulizia mshahara na nyumba. Majirani wa karibu huulizia mfereji wao. Mtu wa Merti, aliye umbali wa siku kadhaa kwa miguu kufuata mto, hafahamiki na hajui hata jina la shamba. Matokeo ni kwamba "matumizi bora ya maji" huandikwa kwa maana ya kutumia lita chache zaidi kwa kila ua, wakati swali la aliye chini ni mto utabaki na kina gani mwezi wa Februari.

Dawa moja imekuwapo tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2002, nayo ni vyama vya watumiaji maji vinavyowakutanisha watu wa mto mmoja. Kampuni inayotaka kujua uzito wa kweli wa maji yake ingefanya vyema kuanza na kumbukumbu za mikutano ya vyama hivyo, ambamo ugomvi wa mgao umeandikwa kwa tarehe na kwa jina la mfereji. Hiyo ni rasilimali ya bure na ni mara chache hutajwa katika ripoti zenye picha za kung'aa.

Upande mmoja au pande mbili

Duniani leo kuna mvutano kuhusu uzito hupimwa kwa macho ya nani. Baraza la kimataifa la viwango vya uendelevu, ISSB, lilitoa viwango vyake viwili vya kwanza Juni 2023, na hivyo hutazama hasa mambo yanayoweza kuathiri fedha na mustakabali wa kampuni machoni pa mwekezaji. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2022, ulitaka uzito wa pande mbili: jinsi dunia inavyoiathiri kampuni, na jinsi kampuni inavyoiathiri dunia. Mwaka 2025 umoja huo ulianza kupunguza idadi ya kampuni zinazobanwa na sheria hiyo, baada ya wafanyabiashara kulalamikia gharama.

Kenya imo katikati. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wake wa taarifa za mazingira, jamii na utawala bora Novemba 2021, kwa kushirikiana na GRI. Safaricom ilikuwa imekwisha kutangulia kwa ripoti yake ya kwanza ya uendelevu mwaka 2012. Taasisi ya wahasibu, ICPAK, nayo ilizindua mwaka 2024 mpango wa kuingiza viwango vya ISSB, ambapo taasisi zenye maslahi ya umma zitatakiwa kuvitumia kuanzia Januari 2027.

Kuna hatari hapa inayostahili kutajwa wazi. Kampuni ikishika kipimo cha mwekezaji peke yake, malisho ya Merti yatahesabiwa kuwa na uzito siku ile tu yatakapotishia fedha, yaani siku ya kesi. Mpaka hapo mfugaji huwa amekwisha kupoteza misimu kadhaa. Kipimo cha pande mbili humwona mapema zaidi, ijapokuwa nacho hutegemea uaminifu wa anayekitumia.

Fomu ya maoni haichukui nafasi ya sheria

Wakurugenzi wengine hudhani kwamba wakishawahoji wadau wametimiza pia wajibu wa kushirikisha umma. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kuwahoji wadau ni zana ya kampuni, nayo huamua wenyewe imuulize nani. Ushirikishwaji wa umma ni agizo la Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 10, na Ibara ya 69 inaurudia kwa upande wa mazingira.

Gharama ya kuchanganya hayo imekwisha kuonekana Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni kwa athari za ujenzi wa bandari, ambayo ni kichwa cha ukanda ule ule wa LAPSSET unaopita Isiolo. Juni 2019 Mahakama Maalum ya Mazingira ilifuta leseni ya kampuni ya Amu Power ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kuhusu ardhi ya jamii, sheria ni kali zaidi. Ibara ya 63 ya Katiba inasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika, si kwa ajili ya kaunti yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, kifungu cha 36, inataka makubaliano yoyote ya mwekezaji yapitishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ulioitwa kwa shughuli hiyo na kuhudhuriwa na thuluthi mbili yao. Makubaliano yenyewe ni sharti yaeleze tathmini ya athari za mazingira, fidia na mrabaha, na jinsi ardhi itakavyorejeshwa katika hali yake mradi ukimalizika.

Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi na kuongeza kwamba mradi wa kaboni unaotegemea ardhi uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na kuwapa wakazi angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama za uendeshaji. Kwa miradi isiyotegemea ardhi kiwango ni asilimia 25. Asilimia hizo ni muhimu, lakini zinajibu swali la mgao. Swali la nani hufunga na kufungua malisho halijibiwi kwa asilimia.

Jinsi ya kuisoma ripoti

Mwananchi au mwandishi anayeshika ripoti ya kampuni anaweza kuikagua bila kuwa mhasibu. Atafute kwanza majina ya mahali. Ripoti inayosema "tulizungumza na jamii za kaskazini" haijasema kitu, lakini inayosema mkutano ulifanyika Garba Tula, mwezi fulani, kwa Kiborana, na waliohudhuria walikuwa wangapi, inaweza kuthibitishwa au kukanushwa.

Kisha atazame kama kuna jambo lolote lililoingia katika orodha kwa sababu ya wadau, ambalo kampuni isingeliandika yenyewe. Orodha ikiwa ile ile kabla na baada ya mashauriano, mashauriano hayakuwa na kazi. Aidha, ni vyema kutafuta malalamiko: yalipokewa mangapi, yalihusu nini, yalichukua muda gani kutatuliwa. Kampuni yenye shughuli katika ardhi ya malisho na isiyo na lalamiko hata moja mwaka mzima, huenda haina mlango wa kuyapokea.

Jambo jingine ni mwaka. Upimaji unaofanywa mara moja kila baada ya miaka mitatu hauwezi kuuona ukame unaoanza na kumalizika katikati. Baadhi ya kampuni zimeanza kupitia upya orodha zao kila mwaka, na hapa Isiolo kipindi cha kufaa ni baada ya ganna, wakati mifugo imerudi karibu, maziwa yapo, na wazee wana nafasi ya kukaa kikao kirefu.

Sehemu kubwa ya ardhi ya jamii Isiolo imekaa miaka mingi bila kusajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Mahali ambapo usajili haujakamilika, mwekezaji anayefika na fomu yake ya maswali hana daftari la wanajamii la kufungulia, na atalazimika kuwauliza wazee wa dedha, serikali ya kaunti na majirani wa msimu kwa pamoja ni akina nani hasa anaopaswa kuwasikiliza.